Kigoma inafikiwaje? Treni mbili, barabara tatu na ziwa lisilounganika na Mwanza

Tangu treni za SGR, ile reli mpya ya umeme, zianze kubeba abiria hadi Dodoma katikati ya 2024, watu wenye ndugu, kazi au harusi upande wa magharibi wamekuwa na swali moja: je, sasa naweza kuondoka Dar asubuhi nikalala Kigoma? Huwezi, labda upande ndege. Na swali hilo lina wenzake. Yupo anayeuliza meli ya Mwanza kwenda Kigoma inaondoka siku gani. Yupo anayehangaikia pasipoti kwa sababu kasikia mji uko mpakani. Yupo anayeamini barabara ya Kigoma bado ni ile ya vumbi, pori na askari mwenye bunduki ndani ya basi. Kila dhana hapo ina kilichoizaa, ndiyo maana hazifi haraka.

Kwanza, unakwenda wapi hasa?

Kigoma ni mkoa, na Kigoma ni mji. Mji wenyewe, ambao kiserikali ni Manispaa ya Kigoma Ujiji, uko kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Mkoa ni mkubwa kuliko hapo: una Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe na Uvinza. Mtu akikualika harusi "Kigoma" kumbe shughuli iko Kibondo, ukapanda treni hadi mwisho wa reli, utashuka ziwani halafu uanze tena safari ya basi ya saa kadhaa kurudi kaskazini, wakati basi la kupitia Nyakanazi lingekupitisha Kibondo kabla hata ya kufika mjini. Kwa hiyo kabla ya kuulizia usafiri, muulize mwenyeji wako wilaya.

Mpaka nao una pande mbili. Kaskazini ni Burundi, na kituo cha kuvukia kilicho karibu zaidi na mji ni Manyovu, wilayani Buhigwe, kama kilomita 60 kwa lami. Magharibi ni Kongo, lakini huko mpaka unapita majini, katikati ya ziwa. Mji wenyewe haugusi mpaka wa nchi kavu. Mtu anaweza kukaa Kigoma mwaka mzima, akala migebuka, samaki wa ziwa hilo, kila siku, asimwone afisa uhamiaji mezani kwake hata mara moja.

Treni mbili zisizopishana reli

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, kwa hiyo twende taratibu.

Reli ya Kati ni kazi ya Wajerumani. Waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250. Ndiyo inayoitwa siku hizi reli ya zamani, au MGR. Umbali kati ya chuma na chuma ni meta moja kamili. SGR, reli mpya, ina upana wa milimita 1,435, inatumia umeme, na treni yake imejengwa kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Tofauti ya upana ndiyo kiini cha yote. Regulata ya mtungi mkubwa wa gesi haifungi kwenye mtungi mdogo hata ukiikaza na koleo; na behewa la SGR halikai kwenye reli ya zamani hata Shirika la Reli lote likitaka. Kwa hiyo wazo kwamba treni ya umeme "inaendelea polepole" kutoka Dodoma hadi Kigoma kwa kutumia njia ya Mjerumani halina mahali pa kusimama. Reli mpya isipofika, treni mpya haifiki.

Na reli mpya imefika wapi? Kwa abiria, ni Dar es Salaam, Morogoro hadi Dodoma. Kutoka Makutupora, mbele ya Dodoma, kwenda Tabora ni mradi mwingine, Tabora hadi Isaka mwingine, Isaka hadi Mwanza mwingine. Kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Kuna na tawi la kutoka Uvinza kuingia Burundi hadi Musongati, kwenye madini ya nikeli. Kila mkataba unaposainiwa, picha za treni nyeupe husambaa kwenye simu zetu na maneno "SGR Kigoma", na mtu asiyesoma habari hadi chini anafungasha. Kusaini, kujenga na kuuza tiketi ni hatua tatu, na kati ya moja na nyingine hupita miaka.

Kinachofika Kigoma, basi, ni treni ya zamani. Si ya kudharauliwa. Ina daraja la tatu la kukaa, daraja la pili la kukaa na la kulala, na wakati mwingine daraja la kwanza, kutegemea treni ya siku hiyo. Haisafiri kila siku, na safari nzima kutoka pwani huchukua takriban siku mbili mambo yakienda sawa. Treni ikifika Tabora huwa kuna shughuli ambayo mgeni haielewi: mabehewa hukatwa, mengine yakaelekea Mwanza, mengine Mpanda, mengine Kigoma. Vichwa vinasogea mbele na nyuma, unasikia chuma kikigongana chini ya kitanda chako usiku, na wauza asali wamejipanga dirishani. Ukishuka kunyoosha miguu hapo, kumbuka namba ya behewa lako na uulize linaunganishwa upande gani. Watu hupotezana na mizigo yao Tabora kwa sababu hiyo tu. Baada ya hapo ni Urambo, Kaliua, kisha daraja la Malagarasi na Uvinza ya chumvi, halafu ziwa.

Adui wa treni hii ni mvua, hasa kati ya Kilosa na Gulwe, ambako mito inayoteremka milimani hukata tuta la reli karibu kila msimu wa masika mkubwa. Njia ikikatika huko, treni za bara husimama au huanzia mbele ya pale palipoharibika. Ukisafiri kati ya Desemba na Mei, usinunue tiketi kwa mazoea. Piga simu stesheni siku mbili kabla, ujue treni inaondoka na inaanzia wapi.

SGR inaweza kukusaidia, lakini kama nusu ya kwanza ya safari. Dar hadi Dodoma ni takriban saa nne, kwa nauli iliyoanza na shilingi 31,000 kwa treni ya kawaida mwaka 2024. Ukifika Dodoma, unahamia basi. Angalia tu kwamba stesheni ya SGR na stendi kuu ya mabasi ya Nanenane si sehemu moja. Kuna bodaboda au bajaji katikati, na kama treni yako inaingia jioni, hakikisha una tiketi ya basi mkononi kabla hujatoka Dar. Kwa mtu anayechoshwa na foleni ya Kibaha na Chalinze, mpango huu unalipa. Kwa mwenye mafurushi manne na watoto watatu, sioni faida ya kuyashusha na kuyapandisha mara mbili.

Barabara tatu

Ya kwanza inatoka mashariki: Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, Urambo, Kaliua, Malagarasi, Uvinza, Kigoma. Ndiyo fupi kwa atokaye Dar. Zamani ilikuwa ikikatika kwenye Mto Malagarasi, mpaka lilipojengwa Daraja la Kikwete kwa mkopo wa Korea Kusini. Hata baada ya daraja, vipande vya vumbi vilibaki, na kile cha kilomita 51 kati ya Malagarasi na Uvinza ndicho kilichosumbua muda mrefu kuliko vyote. Kwenye vumbi la kiangazi unapita vizuri, unashuka tu ukiwa na rangi ya udongo. Kwenye masika ndipo utakapojua dereva wako ni nani.

Ya pili inatoka kaskazini: Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, Kasulu, Kidahwe, Kigoma, zaidi ya kilomita 300. Hii ndiyo iliyobeba sifa mbaya. Kwa miaka mingi ilikuwa vumbi tupu, ikipita mapori ambako majambazi waliteka magari, na mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi. Anayekuhadithia hayo hasemi uongo. Anasimulia enzi nyingine. Sehemu kubwa ya njia hiyo sasa ni lami, na kwa mtu wa Kahama, Geita, Bukoba au Mwanza ndiyo njia ya kawaida. Mwanza yenyewe imepata nafuu ya ziada: tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, limeondoa ile foleni ya kivuko iliyokuwa inakula nusu siku. Unapita Sengerema, Geita, unatokea Nyakanazi, unashuka Kibondo na Kasulu.

Ya tatu inatoka kusini: Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, Uvinza. Wanaoitumia ni watu wa Nyanda za Juu Kusini na wafanyabiashara wa mchele na mahindi. Inapita ndani ya Hifadhi ya Katavi, kwa hiyo usishangae basi likisimama kumpisha tembo. Kati ya Mpanda na Uvinza bado utakutana na vumbi. Ni ndefu, ni ya kuchosha, na kwa mtu wa Mbeya bado ni bora kuliko kuzungukia Dodoma.

Watu hubishana ipi ni ya haraka kutoka Dar. Kwa kilomita, ya Tabora inashinda. Kwa saa, inategemea mwezi na kampuni ya basi, na zipo kampuni zinazozungukia Nyakanazi kwa sababu wana abiria wa Kahama na Kibondo wa kushusha. Kwa hiyo unaponunua tiketi, usiulize "mnafika saa ngapi" peke yake. Uliza "mnapitia wapi". Kingine kilichobadilika ni usiku. Lile katazo la mabasi kusafiri usiku lililodumu tangu miaka ya 1990 liliondolewa, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ikaanza kutoa ratiba za usiku Oktoba 2023. Kabla ya hapo basi lililochelewa lililazimika kulaza abiria njiani. Sasa safari ya Dar hadi Kigoma ni ya kuunganisha mchana na usiku, na unafika siku ya pili. Kiuno kitalalamika, lakini hulipii nyumba ya wageni.

Ndege, kwa ufupi

Uwanja wa Kigoma uko ndani ya manispaa, bajaji inakufikisha mtaa wa Mwanga mjini kabla jasho halijakauka. Air Tanzania huruka kutoka Dar, mara nyingi kwa zile ndege za pangaboi, na baadhi ya safari hutua mji mwingine njiani. Kosa la kawaida ni kudhani zipo nyingi kama za Mwanza. Hazipo, ukikosa ya leo unaweza kusubiri. Nauli hupanda kadiri siku zinavyokaribia, kwa hiyo anayesubiri wiki ya mwisho ya Desemba ndipo akate tiketi hugundua kwamba kwa pesa hiyo angesafirisha familia nzima kwa basi.

Ziwa lisilofika Mwanza

Sasa ile meli ya Mwanza. Mwanza iko Ziwa Victoria, Kigoma iko Ziwa Tanganyika. Hakuna mto wa kupitisha chombo kati yake. Hata maji yake hayakutani. Ya Victoria yanatoka na Nile kwenda Misri. Ya Tanganyika yanatokea Mto Lukuga, upande wa Kongo kule Kalemie, yakaingia Mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Mtu anaposikia meli mpya imezinduliwa "ziwani", aulize ziwa lipi.

Meli ambayo watu wengi huitaja kwa Kigoma ni MV Liemba, na hadithi yake inaeleza kwa nini reli na ziwa hapa ni ndugu. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa meli hadi Dar, ikapandishwa Reli ya Kati, ikaunganishwa Kigoma na kuingizwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, na kwa miongo ikawa inashuka hadi Kasanga na Mpulungu, Zambia. Vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, mitumbwi ikaja kuizingira usiku kwa taa, na abiria, magunia ya dagaa, hata mbuzi, wakapandishwa kwa mlango wa ubavuni huku chombo kikiyumba. Wageni waliosafiri nayo waliandika sana, na maandishi yao bado yanasomwa, ndiyo maana mpaka leo kuna mtu anayepanga likizo yake kwa kuitegemea. Tangu 2018 imesimama ikisubiri matengenezo makubwa, kisha ikaingia kwenye ukarabati. Usiipangie safari mpaka bandari ya Kigoma yenyewe ikuambie tarehe ya kuondoka.

Kinachofanya kazi kila siku ni maboti ya mbao yenye injini, na mengi hupatikana Kibirizi, upande wa kaskazini wa mji. Yanakwenda vijiji vya mwambao hadi Kagunga karibu na Burundi, yanapita Gombe ya sokwe, ambako hakuna barabara kabisa. Kuna vyombo vya mizigo vinavyovuka kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura, kwani shehena kubwa ya Kongo mashariki hushuka Dar, ikapanda treni, ikamalizia kwa ziwa. Kwa abiria wa kawaida ningesema hivi: boti la mwambao ni sawa, mradi kuna jaketi la kujiokolea na halijajazwa kupita kiasi. Upepo wa kusini wa katikati ya mwaka huinua mawimbi ambayo mtu wa Ziwa Tanganyika huyaheshimu kama mtu wa pwani anavyoiheshimu bahari. Ziwa hili lina kina cha hadi meta 1,470. Hakuna ziwa Afrika linalolizidi. Nahodha akisema tungoje asubuhi, kunywa chai ungoje.

Karatasi: zipi, na za nini

Mtanzania hahitaji pasipoti kwenda Kigoma. Anahitaji kitambulisho, na hapa kuna tofauti na mikoa mingine: njiani kuna vizuizi ambako maofisa hupanda basi na kuuliza kila mtu ni nani, katoka wapi. Mkoa umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo mingi, na ukaguzi unatokana na hilo. Wenyeji wa Kigoma wana malalamiko ya haki kuhusu kuulizwa uraia wao kila kukicha, na mimi niko upande wao. Lakini kama msafiri, beba kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, mfukoni, siyo kwenye begi lililofungiwa kwenye buti.

Ukivuka, habari ni nyingine. Burundi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Kongo tangu 2022, jambo linaloweza kukupunguzia gharama na usumbufu, lakini haliondoi hati ya kusafiria wala mhuri. Utahitaji pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Usiinunue kwa mtu pale mpakani. Chanjwa mapema, kwa sababu cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Mji wa Kigoma una konseli, yaani balozi ndogo, za Burundi na Kongo, kwa hiyo swali la viza unaweza kulimaliza hapo kabla ya kuondoka.

Kwa Bujumbura, njia ya nchi kavu ni Manyovu, unavuka hadi Mugina, unashuka Mabanda na Nyanza-Lac, kisha unafuata ufuko wa ziwa kupitia Rumonge. Saa ya Burundi iko nyuma ya yetu kwa saa moja: saa nne asubuhi Manyovu ni saa tatu Mugina. Ukienda unapata saa ya bure. Ukirudi ndipo inapokuuma, maana huku Tanzania jua la ofisi linazama mapema kuliko lile ulilozoea siku nzima, na gari la mwisho la kwenda mjini halisubiri mtu.

Na mzigo wa kurudi

Hakuna anayetoka Kigoma mikono mitupu. Migebuka mikavu, dagaa na mawese vina watu wanaovisubiri Dar na Dodoma. Mawese kwenye ndege yatakuletea ugomvi na watu wa mizigo, na dagaa harufu yake haifichiki. Basi hupokea, lakini kubaliana bei ya mzigo kabla haujaingia kwenye buti, na kidumu kifungwe mfuniko kwa nailoni, kisimame wima. Treni ndiyo yenye nafasi na uvumilivu, na kwa anayebeba zaidi ya madumu mawili, hesabu ya nauli pamoja na mzigo mara nyingi huirudisha reli ya zamani juu ya orodha.